Belo la Msimu wa Korosho

Belo nililofungua Masasi mwezi wa kumi
halikuwa na kaptula hata moja.
Makoti matupu, mazito kama madeni.
Soko likacheka. Nikacheka nalo, shingo upande.

Siku ya tatu akaja Somoe wa Chikundi,
barua ya chuo imekunjwa ndani ya leso.
Anakwenda kusomea misitu, kazi ya nje kutwa,
huko ambako mate, anasema, hufika chini kokoto.

Nikamvisha, jua la saa saba likitutazama.
Ya ndani nyembamba, ishike ngozi, ipitishe jasho;
si pamba, mwanangu, pamba ikilowa haisamehe.
Ya kati sufu, na ilegee,
joto halikai palipobanwa.
Ya juu ngumu, upepo ugonge urudi.
Ukianza kutembea fungua zipu
kabla hujatota.

“Umeishi kwenye theluji, mama?”
Nimebangua korosho miaka kumi na moja:
ganda, ngozi, ndipo kiini.

Jasho likamtiririka hadi kwenye kandambili.
Watoto wakamzunguka, wakimwita dubwana.
Nikanyoosha mkono nipokee koti.
Hakuvua.
“Niache kidogo,” akasema,
“nizoee kuwa mbali.”