Msoma Mita Ajifunza Kugeuka

Miaka ishirini na mbili nimeyasoma maji
bila kuyagusa: namba nyeusi, namba nyekundu,
kioo chenye ukungu chini ya kifuniko cha chuma,
mbwa wa watu wakinibwekea kutoka Kayole hadi Donholm.
Najua nyumba ipi inavuja, ipi inaiba,
ipi mfereji wake hukohoa hewa tupu hadi Alhamisi.
Kuogelea sikujua.

Sasa ni Jumamosi ya Julai, saa moja kasoro,
nimesimama ukingoni mwa bwawa, Pangani,
kofia ya mpira imenibana hadi nyusi zimepanda.
Kocha Lesiamon, kijana wa kumzaa,
miguu yake mikavu ndani ya kandambili,
ananiambia lugha ya kwao ndiyo iliyouita mji huu maji baridi.
Magoti yangu yalikwisha kutafsiri.

"Usipigane nayo, Bi Kerubo.
Yalalie sikio, kama mto."

Nilianza kwa mapovu. Wiki tatu za mapovu,
nimeng'ang'ania ukuta kama mdai mlangoni,
katikati ya watoto wa darasa la pili
walioniuliza kama nami nitapewa cheti.
Kisha mtindo huru: mkono uingie
kama barua chini ya mlango, kiwiko juu,
pumzi ya upande, nusu ya mdomo tu.
Nusu! Mimi niliyekuwa nikiinua kichwa kizima
kama twiga anayeulizia njia.

Kisha mgongo. Zikishapita zile bendera ndogo
unahesabu mikono hadi ukutani:
tano ni za Lesiamon, zangu ni saba.
Nilifika nne, nikaona korongo
wakizunguka bila haraka juu ya mapaa ya mabati,
nikasahau.
Ukuta ulimalizia hesabu utosini.

Kifua nilikipenda. Vuta, pumua, piga, teleza.
"Hapo kwenye kuteleza," alisema, "usifanye kitu."
Hapo ndipo paliponishinda.
Nani aliwahi kunifundisha kutofanya kitu?

Kipepeo sikisemi.

Lakini huku kugeuka.
Kuufikia ukuta bila kuushika,
kidevu kifuani, makalio juu, dunia chini,
maji yakipanda puani hadi kwenye kumbukumbu,
nyayo zikipapasa kutafuta kigae.
Mara ya kwanza niliibukia njia ya jirani.
Mara ya pili nilipiga teke maji matupu.
Ya tisa au ya kumi, nilitoka nikitazama dari la angani,
nikikohoa, watoto wakinipigia makofi.
"Unauogopa ukuta," akasema.
Siuogopi, nikamwambia. Nilikuwa nausoma.

Nyumbani Umoja maji hayajaja tangu Jumatatu.
Mitungi minane ya njano imejipanga jikoni,
nimeinunua kwa mwenye mkokoteni, hamsini hamsini,
mimi wa kampuni ya maji; jirani hucheka hadi akaketi.
Usiku nikajaza beseni nusu,
nikaweka uso, nikatoa mapovu,
nikageuza shingo: nusu ya mdomo.
Moraa amesimama mlangoni, mswaki mkononi.
"Mama, unazama kwenye beseni?"
"Nafanya mazoezi."
"Usiyamwage basi."
Sikuyamwaga. Asubuhi yaliosha masufuria.

Ilikuwa Agosti, na hakuna aliyeona.
Lesiamon alikuwa kwenye simu, amegeukia geti,
watoto wanagombania taulo.
Mstari mweusi wa chini ukakatika pale unapokatikaga,
nikavuta mkono mmoja zaidi, nikajikunja,
na kigae kilikuwepo,
kibaridi, kigumu, mahali pake,
kama kilichokuwa kikinisubiri nimalize kuhesabu.
Nikasukuma.
Mikono mbele, masikio katikati yake,
nikateleza, na sikufanya kitu,
sikufanya kitu chochote.

Mita tano, pengine sita.
Sikuzisoma.