Zamu ya Kwanza Hadi ya Arobaini

Hizza, mchezo wako nimeucheza.
Siku nne, chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Nane,
kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa, feni ikinung'unika,
na ninakuambia kama rafiki:
mwanzo wake unachosha kuliko foleni ya kitambulisho.

Zamu ya kwanza: nina familia moja, jembe moja, mbuzi.
Nabonyeza Maliza Zamu.
Zamu ya pili: nina familia moja, jembe moja, mbuzi.
Nabonyeza.
Zamu ya tano mbuzi kazaa. Nikashangilia peke yangu
mpaka mama akagonga ukuta.

Kisima, zamu kumi na mbili!
Baba yako alichimba kisima pale Duga
kati ya Ijumaa na Ijumaa,
na muda wa kugombana na fundi akaupata.

Halafu bahari. Mji nimeuweka Tongoni, ulipotaka,
maji yanalamba kizingiti,
nawe ukaniandikia kwa wino mwekundu:
HAMJAGUNDUA UVUVI.
Watu wa pwani, Hizza! Wamesimama mchangani
kama waliofika harusini bila kadi,
wanawatazama tasi wakipita,
wanakufa njaa zamu ya kumi na nane
kwa sababu hawajahitimu Kusuka Kamba.

Mpelelezi wangu nilimtuma magharibi, milimani.
Giza la ramani yako likammeza.
Kama ni chui, kama ni homa,
kama ni Usambara wenyewe tu umemkataa,
hukuona haja ya kuniambia.
Na zamu ya tisa, wavamizi watano mlangoni
ilhali mkuki wangu wa kwanza "umebakiza zamu mbili."
Nani humwambia mvamizi asubiri?

Nikaanza upya. Nikaanza tena upya.
Mara kumi na moja.
Ramani inajichanganya kama karata:
ya saba ilinipa chumvi bila maji,
ya nane maji, na mamba ndani yake,
ya tisa sikuisubiri hata ifunguke yote.
Nikagundua sichezi;
natafuta tu pa kuzaliwa.

Nilipokulalamikia pale Makorora
ulikuwa unatia kijiko cha nne cha sukari.
"Historia," ukasema, "haikuwa na haraka."
Sawa. Lakini historia haikununua umeme wa elfu mbili
ukaisha zamu ya thelathini na tisa,
na mtungaji hajaweka pa kuhifadhi kabla ya arobaini.

Jana akaja dada yako Mwanjaa
kuazima kibao cha chapati.
Akainama begani kwangu, kiganja kina unga,
akaitazama ile familia yangu.
Habari ya kisima hakuuliza, wala ya mkuki.
"Majirani zao wako wapi?"
Nikamwambia wanatokea zamu ya hamsini,
ukishagundua Biashara.
"Hamsini! Sasa chumvi wanaazima kwa nani?
Na wanamsengenya nani, mbuzi?"
Akachukua kibao, akaondoka.

Usiku nikakupigia, nikayarudia maneno yake kama yalivyo.
Hukujibu. Nilisikia vidole vyako kwenye vibonyezo,
kisha simu ikakatika, au uliikata.

Leo umenitumia toleo jipya.
Kisima bado kumi na mbili, mkaidi wewe.
Bahari bado haramu.
Ila zamu ya kwanza,
ng'ambo ya mkono wa bahari, ukingoni mwa giza,
umechora uzi wa moshi.
Hauna jina. Nikiugusa hausemi kitu.
Kuna mtu anapika.

Nina familia moja, jembe moja, mbuzi.
Kidole kiko juu ya Maliza Zamu
na hii ni dakika ya kumi
sijabonyeza.