Mstari wa Nane

Julai hapa Isyonje sakitu inababua majani ya viazi,
na mashine yangu, mtumba wa Mwanjelwa,
inavuma kana kwamba imeanikwa juani Kyela.
Digrii arobaini na moja tu. Nimeipima.
Pumzi yangu mwenyewe naiona ukutani.

Lusekelo anageuka kitandani.
Mama yake: zima hilo trekta.

Nizime, na hesabu za chama?
Magunia mia tatu na kumi, lumbesa hazimo,
mweka hazina anazitaka Jumatatu.

Nikabisha hodi kwenye mzizi wa mashine,
nikatoa nenosiri, nikapita.
Nikaandika kwa vidole vyenye ganzi:

maadamu ni kweli,
soma joto;
likiwa chini ya hamsini, mwangwi, sufuri, mshale, faili ya feni;
likipita sabini, nguvu zote;
la sivyo, mia na ishirini.
Lala sekunde tano.
Rudi juu.

Mara mbili ikagoma:
nafasi moja niliyoisahau kando ya mabano.
Ya tatu nikabonyeza, nikangoja,
na feni ikashuka pole pole,
kama mtu aliyeelezwa jambo likamwingia.

Ndipo nikasikia maji yakidondoka pipani.
Lori la viazi, gia ndogo, likiteremkia Tukuyu.
Mtoto akihema.
Nikajiona fundi.

Pazia likasogea.
Bibi Tupokigwe, kanga mbili na koti la marehemu,
akakaa pale akaapo kila usiku,
kushoto kwa mashine,
akanyoosha viganja penye matundu ya hewa.
Akangoja.
Akavigeuza, akangoja tena.
"Leo jiko lako hujaliwasha?"

Mimi miezi yote nilidhani
anakuja kunitazama nikifanya kazi.

Nimeongeza mstari wa nane.
Huo hauulizi joto, unauliza saa:
ikifika ishirini na moja ya mashine,
ndiyo saa tatu yetu,
zidisha namba kubwa kwa namba kubwa,
jibu litupe, anza upya,
mpaka chuma kipate moto, na feni iachiwe.

"Trekta limerudi," anasema mama Lusekelo chini ya blanketi.
Namwambia lina abiria.

Saa tano kamili linanyamaza.
Viganja vinarudi ndani ya kanga,
na mimi narudi kwenye magunia:
mia tatu na kumi,
au mia tatu na kumi na moja, sina hakika,
nilipoteza hesabu nikimtazama.