Haijibu

Saa nane mchana, Mpunguzi, vumbi la barabara ya Iringa
limeingia hadi katikati ya herufi za kibodi.
Kivinjari kimeganda.
Skrini imepauka kama shuka iliyofuliwa kwa majivu,
na kile kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kuku aliyefungwa mguu kwenye kigingi.

Nilibofya mara moja. Nikabofya mara kumi.
"Mashine nayo ina presha," nikamwambia Sechelela,
mteja wangu, amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa,
mkasi wa kupogolea zabibu ukichungulia kikapuni.
Fomu ya mkopo wa shamba: tulishajaza
kurasa mbili kati ya tatu.

Akasogea. "Na hivi vijialama huko juu, vilivyobanana?"
Vichupo, mama. Matokeo ya kidato cha nne,
bei ya alizeti Singida, mechi ya jana,
cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyeondoka tangu Jumanne.
Akahesabu kwa kidole, bila kugusa kioo.
"Thelathini na moja.
Unakaa Mpunguzi, na hupunguzi?"

Basi: kontroli, alti, diliti.
Orodha ikaja kwa kusuasua,
na pembeni ya kivinjari neno moja: haijibu.
Nikamweleza, nikikifunga kwa nguvu
tulichoandika huenda kikapotea chote.
"Kata," akasema.
Maliza kazi.
Feni ya mashine ikashusha pumzi.

Kikafunguka upya, chepesi, kikaniuliza
kama nazitaka kurasa zangu za mwanzo. Sizitaki.
Nikafungua moja tu. Fomu nyeupe pe.

Tukaanza tena. Jina: Sechelela Chilongani.
Ekari: moja na nusu.
Miche: mia nane, "ondoa arobaini, mchwa."
Hali ya ndoa.

Mara ya kwanza alijibu kabla sijamaliza kusoma:
nimeolewa.
Safari hii akanyamaza.
Nje, basi la Iringa lilipunguza mwendo,
halikusimama.
Kishale kikapepesa ndani ya kisanduku, kikapepesa.

"Paruke hapo kwanza."
Haparukiki, mama. Pana nyota nyekundu.

"Basi subiri," akasema,
nami, niliyeibofya mashine mara kumi,
nikaondoa mkono kwenye kipanya.