Yadi Zisizonunuliwa

Niliuza maili ishirini na sita
kwa kalamu na daftari la shule,
mojamoja, kama muuza mayai.
Bwana Gourlay wa buchani alichukua ya tatu na ya nne:
"Kabla hujachoka, nipate thamani ya pesa yangu."
Nasreen wa duka la dawa akataka ya kumi na nane,
hana sababu, ila ndiyo nambari ya mlango wao.
Watoto wa darasa la Bi Lorimer walichanga sarafu
hata zikajaa soksi; wakapata ya kumi na mbili.
Na Wullie wa ghorofa ya juu, bahili wa hata salamu,
akatia saini ya mwisho:
"Ukifika, nalipa. Usipofika, tusijuane."

Fedha ni za wauguzi wa usiku,
wale wanaokuja na chupa ya chai
na ndara ndani ya mfuko,
kukaa na anayeondoka
ili anayebaki apate usingizi.

Asubuhi hiyo Dundee ilijifunika ukungu.
Daraja la reli lilianzia upande wetu
likaishia hewani.
Tulisimama elfu mbili, tumevaa mifuko ya taka kuzuia baridi,
huyu kainamia kamba za viatu, yule kwenye foleni ya choo,
na mmoja kavaa upweza, mikono minane,
yote inatetemeka.

Maili za Bwana Gourlay zilikuwa mteremko mtupu.
Zilikwisha kabla sijashukuru.

Ya kumi na mbili, watoto walikuwa ukingoni
wakiita jina langu la jikoni, "Bi Sahani! Bi Sahani!"
na wageni wakalidaka, wakalipokezana barabara nzima,
mpaka polisi naye, kwa sauti ya kazi: "Kaza, Bi Sahani."

Ndiyo. Naosha vyombo vya shule.
Sahani mia nne, Jumatatu hadi Ijumaa,
na kesho yake zinarudi na mchuzi uleule
kana kwamba jana haikuwepo.
Miaka kumi na tisa. Watu huuliza, huchoki?
Sijui niwajibu nini.
Sijawahi kuosha sahani mia nne.
Huosha hii.

Kwa Nasreen goti la kushoto liligoma.
Nikapitwa na pweza.

Ishirini na mbili haikuwa na mvua wala jua,
ilikuwa na ukuta wa kiwanda, mrefu, wa matofali,
na hapo ndipo aliponijia Ina.
Mwanamke mnene, mwenye kikohozi,
aliyekuja Februari, mama alipokuwa akituaga.
"Nenda ukalale," aliniambia, na mimi nikaenda.
Nililala saa nne nzima, jiwe ndani ya maji,
usingizi mtamu, hadi leo naona haya kuusema.
Alfajiri akanigusa bega: "Amka sasa."
Hakuongeza neno.
Alikuwa amemchana mama nywele
na kuzipasua njia upande wa kulia, kama alivyopenda.
Nani alimwambia?
Waliongea nini, wawili hao, mimi nikikoroma?

Ukuta ukaisha. Mambo mengine huisha hivyo tu.

Kwenye kibao cha ishirini na sita alisimama Wullie,
koti la mvua, noti mkononi, saa mkononi.
"Umechelewa," alisema,
akanisogeza mbele kwa kiwiko, taratibu,
kama mtu anayefunga droo yenye glasi.

Mbele yangu, yadi mia tatu themanini na tano.
Hizo sikumwuzia mtu. Nilisahau kuwa zipo.
Hakuna aliyezilipia, hakuna anayenidai,
hata pweza alikuwa keshavua mikono yake.
Ningeweza kutembea.
Nilitembea. Kisha, sijui kwa nini, nikakimbia.

Jioni nilipanda ngazi kwa makalio,
ngazi moja, pumzi, ngazi moja.
Sinki lilikuwa na kikombe. Nikakiacha.

Usiku huo nililala mpaka kukacha,
na hakuna aliyenigusa bega.