Kushoto Kwenye Jiwe Jeupe

Miaka kumi na tisa nimewaelekeza watu ziwani:
"Piteni nyuma ya mnara wa kina Gulbani,
fuateni uzio hadi uishe,
pandeni, kisha kushoto kwenye jiwe jeupe."
Wakanishukuru kwa lugha zao,
wakarudi jioni, pua zimebabuka,
wakanionyesha ziwa ndani ya simu
huku nikipakua supu.

Sijawahi kufika.

Si kwamba ni mbali. Saa nne, kwa mguu mzima.
Ila ng'ombe hakamuliwi na mandhari,
jibini haijigeuzi,
na wageni sita ni shuka kumi na mbili.
Jansugh alikuwa akisema, "Baada ya nyasi, Guranda.
Tukimaliza kufyeka nitakupeleka."
Kila kiangazi kilikuwa na nyasi zake.
Kisha ikaja theluji ya mwezi wa pili,
ikamchukua yeye, nyasi zikabaki.

Leo Ketino, mjukuu, kanifichia ndoo.
"Bibi, wageni watajikaangia mayai."
Nikavaa viatu vya mpira vya zizini,
nikafunga mkate wa nyama kwenye kitambaa,
na chumvi yetu ya kitunguu saumu ndani ya karatasi,
tukatoka jua halijagusa minara.

Uzio hauishi pale ninaposema unaisha.
Unakatika, umeoza,
kisha unaibuka tena ng'ambo ya kijito
ambacho sijamtajia mtu yeyote.
Na mawe meupe ni mawili!
La kwanza, ukikata kushoto,
linakufikisha kwenye genge na mbuzi asiye na adabu.
Nikaketi pale nikacheka mpaka mbavu zikauma:
wangapi nimewapoteza hapa,
na wote walirudi wakisema njia ilikuwa rahisi?

Juu ya misonobari goti la kulia likaanza maneno.
Nikaliacha liseme.

Ziwa lenyewe, basi, ni dogo.
Kwenye simu lilimeza Ushba yote na pembe zake mbili.
Hapa ningelizunguka
kabla sijamaliza kumenya viazi vya ndoo moja.
Upepo ukipita, mlima unavunjika majini;
ukitulia, unajiunga taratibu,
pembe moja kwanza, halafu ya pili.
Nikatia mkono. Baridi ikapanda hadi kwenye jino.

Nikamega mkate, nikanyunyiza chumvi.
Kipande kimoja nikakiweka juu ya jiwe, kando yangu.
Ketino akakitazama, asiulize ni cha nani.
Ndege mweusi akaja akakila chote,
akafuta mdomo kwenye majani.

Vijana watatu walilala kifudifudi wakiyapiga maji picha.
Mimi nikaligeuzia ziwa mgongo,
na kule chini, ndogo kama kibiriti,
nikaiona nyumba yangu:
bati la buluu nililopaka mwenyewe,
shuka kambani,
na katikati ya viazi,
kitu chekundu kikitembea bila haraka.

"Ketino! Lango nani kafunga?"

Tukapiga kelele, viganja mdomoni, bibi na mjukuu.
Vijana wakatugeuzia kamera.
Ng'ombe hakuinua hata sikio;
mlima ndio uliotujibu, kwa sauti yangu,
na nilikuwa sijajua
kuwa sauti yangu bado ni kubwa hivyo.

Jioni akaja mgeni mpya, mwembamba, na daftari.
Ziwa ni mbali?
Nikaweka upawa chini.
"Mawe meupe ni mawili," nikamwambia.
"La kwanza, keti, ule kitu.
La pili, kushoto.
Ukishafika, geuka utazame ulikotoka:
lile bati la buluu ni kwangu."

Akaandika. Mstari mmoja tu, mfupi mno.
"Ongeza na kijito," nikasema.