Chuma cha Vlastimil

Miaka thelathini na mmoja, tanuruni Ostrava,
Vlastimil alimimina chuma
kama wengine wamiminavyo uji.
Leo nesi anamsomea karatasi ya maabara:
damu yako imepungukiwa chuma.
Anacheka hadi kikohozi kinamkaba.

Moyo umetanuka, umechoka,
pampu kuukuu isukumayo damu nyepesi.
Miguu imevimba, soksi zaacha mitaro.
Kutoka kitandani hadi dirishani
anapumzika mara mbili,
ya pili kwenye kiti cha marehemu Drahomíra.

Hojaji inauliza: juma lililopita,
ulishindwa mara ngapi kufanya ukipendacho?
Kalamu inasita.
Hakuna kisanduku cha njiwa
aliowauza kwa kuwa banda liko darini,
ngazi kumi na nane.

Dripu yadondoka, kahawia kama chai iliyokolea,
tone,
tone,
chuma kikirudi kwa bwana wake
kwa mlango wa nyuma.

Wiki ya sita, hakuna muujiza.
Bado vidonge, bado mto wa tatu kichwani.
Ila Jumanne jirani alisikia hatua ngazini:
tano, kimya.
Sita, kimya kirefu.
Kisha saba,
na bawaba za banda tupu zikalia.